Tezi za shingo zimevimba na hazishuki: kutafuta chanzo pale kinga ya mwili inaposhukiwa

Mtu akipapasa shingo akakuta kivimbe, fikra hukimbilia sehemu mbili: maambukizi au saratani. Daktari naye huanzia huko huko, na ana haki, kwa kuwa tezi nyingi za shingo huvimba kwa sababu ya maambukizi, na saratani si jambo la kusubirisha. Tatizo ni kundi la tatu, ambalo hukumbukwa baada ya dozi mbili tatu za antibiotiki kuisha bila nafuu: magonjwa ambayo kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayozivimbisha tezi. Lupasi, baridi yabisi, ugonjwa wa Kikuchi, ugonjwa wa Still, Kawasaki kwa watoto, sarkoidosi, hata mzio wa dawa, yote yanaweza kuanza na kivimbe shingoni kabla hayajajitambulisha.

Mwongozo huu unafuata dalili. Nenda kwenye sehemu inayofanana na hali yako, lakini pitia kwanza sehemu mbili za mwanzo hata kama unadhani jibu unalo. Na shika hili tangu sasa: tezi peke yake haitaji chanzo chake. Tezi ya lupasi na tezi ya kifua kikuu zinaweza kuwa sawa kabisa chini ya vidole. Kinachozitofautisha kiko kwenye ngozi, viungo, kinywa, macho, mkojo, na orodha ya dawa unazomeza. Anayeikazia macho shingo tu hukwama.

Je, kivimbe hicho ni tezi ya limfu kweli?

Keti, legeza mabega, inamisha kidevu kidogo ili ngozi ya shingo isikazike. Tumia ncha za vidole vitatu, upande wa nyama, na uzungushe taratibu: chini ya kidevu, chini ya taya, mbele ya sikio, nyuma yake, kisogoni. Kisha shuka kando ya ule msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio kwenda kifuani, kwanza mbele yake, halafu nyuma yake. Malizia kwenye kishimo kilicho juu ya mtulinga, na hapo vuta pumzi ndefu, kwa sababu tezi ya sehemu hiyo hujificha na hujitokeza kifua kinapojaa. Linganisha kulia na kushoto. Ukipata kitu, kipime kwa rula na uandike tarehe. Kumbukumbu ya vidole hudanganya.

Tezi ya limfu huteleza kidogo ikisukumwa. Ikiwa kivimbe kiko katikati ya shingo na hupanda unapomeza mate, hiyo ni tezi ya thairoidi. Kikipanda unapotoa ulimi nje, huenda ni uvimbe wa maji wa kuzaliwa nao. Kikidunda pamoja na moyo, usikiminye: ni mshipa wa damu. Na kikijaza nafasi iliyo mbele na chini ya sikio mpaka kuinua ndewe, hiyo ni tezi ya mate, na habari yake iko mbele kwenye sehemu ya kinywa kikavu.

Karibu tezi 300 za limfu ziko kichwani na shingoni, kwa hiyo kugusa moja ndogo si ajabu, hasa kwa mtoto au mtu mwembamba. Chini ya sentimita 1, laini, inayoteleza, isiyobadilika: hiyo kwa kawaida huachwa. Ile iliyo chini ya pembe ya taya huweza kufika sentimita 1.5 bila ugonjwa, kwa sababu hushughulikia koo na tonsili maisha yote.

Hali ambazo hazisubiri mwongozo wowote

Nenda ukapimwe mapema ikiwa tezi iko juu ya mtulinga, ni ngumu kama jiwe, imeng'ang'ania chini, imezidi sentimita 2, au inazidi kukua wiki hadi wiki. Vivyo hivyo ikiwa unaloa jasho usiku mpaka kubadilisha shuka, una homa isiyoeleweka, au umepungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi 6. Tezi yoyote iliyodumu zaidi ya wiki 4 hadi 6 bila sababu inastahili uchunguzi hata kama haiumi. Kutouma si kinga.

Kuna msamaha mmoja kwenye kanuni ya mtulinga: chanjo ya begani huweza kuvimbisha tezi za kwapani na za juu ya mtulinga upande ule ule uliochomwa, kisha zikashuka ndani ya wiki chache. Mwambie daktari tarehe ya chanjo na mkono uliochomwa.

Kushindwa kupumua, kushindwa kumeza mate, au mtoto mwenye homa ya siku 5 ni dharura. Ya mtoto nitaieleza kwa kirefu.

Tezi ya kinga inavyotofautiana na tezi ya maambukizi

Tezi ya limfu ni mahali ambapo seli za kinga hukutana na kitu kigeni, kukitambua, na kuzaliana ili kukishambulia. Katika maambukizi, adui huisha na seli hupungua, tezi nayo hunywea. Katika magonjwa ya kinga kujishambulia, kinachotambuliwa kama adui ni sehemu ya mwili wenyewe, na mwili hauishi. Ndiyo maana tezi hizi hukaa muda mrefu, hupanda ugonjwa unapochachamaa na kushuka unapotulia.

Kwa kawaida ni nyingi, za pande zote mbili, zinateleza, haziumi sana, na hazitungi usaha. Mara nyingi kwapani na kinenani pia zipo. Tezi moja yenye joto, yenye uchungu mkali, upande wa jino bovu, ni ya jino mpaka ithibitike vinginevyo. Ila nakusihi usiifanye tofauti hii kuwa hukumu: kifua kikuu cha tezi, VVU na limfoma (saratani ya seli za limfu) huweza kuwa na sura ile ile ya upole.

Dalili: tezi pamoja na uchovu, viungo kuuma, vipele, nywele kukatika

Hapa lupasi ndiyo ya kwanza kufikiriwa, zaidi kama mgonjwa ni mwanamke kati ya kubalehe na kukoma hedhi. Kwa kila wagonjwa 10 wa lupasi, takriban 9 ni wanawake. Tezi zake ni laini, hazishikamani, na shingo ni moja ya sehemu zake za kawaida. Huonekana zaidi mwanzoni mwa ugonjwa na kila unapoamka upya, sambamba na homa na kupungua uzito. Cha kusikitisha ni kwamba tezi hazimo kwenye vigezo rasmi vya kuainisha lupasi, hata vile vya mwaka 2019, na kwa hiyo mgonjwa aliyekuja na tezi tu hurudishwa nyumbani huku dalili nyingine zikiwa hazijaulizwa.

Basi jiulize mwenyewe. Je, kuna upele mashavuni unaovuka pua lakini unaruka ile mikunjo miwili inayotoka puani kwenda pembe za mdomo? Kuruka huko ni alama nzuri. Kwenye ngozi nyeusi upele huu hauwi mwekundu; huonekana kama weusi uliozidi, zambarau au kijivu, na wengi huuchukulia kuwa madhara ya vipodozi. Je, jua hukuzidishia? Je, kuna vidonda kwenye kaakaa? Fungua mdomo mbele ya kioo na taa, kwa sababu vidonda vya lupasi mara nyingi haviumi na mtu hajui kama anavyo. Je, kifua huchoma unapovuta pumzi ndefu? Vidole hubadilika rangi kwenye baridi?

Swali ambalo halipaswi kuachwa kamwe ni la mkojo. Povu jingi linalobaki juu ya maji ya choo dakika kadhaa baada ya kukojoa, pamoja na macho kuvimba asubuhi au soksi kuacha alama ya kina mguuni, huashiria kwamba figo zinavujisha protini. Tezi za lupasi haziui mtu. Figo za lupasi zinaweza kumharibia maisha kimya kimya, bila maumivu hata kidogo. Kipimo cha kijiti cha mkojo ni rahisi na hutoa jibu ndani ya dakika chache. Mtu mwenye tezi na viungo vinavyouma asiondoke kwenye chumba cha daktari bila mkojo kupimwa.

Kama ni viungo vidogo vya mikono ya pande zote mbili, vimevimba, na asubuhi hukaa vimekakamaa kwa saa nzima au zaidi kabla ya kulegea, elekea kwenye baridi yabisi. Tezi zake huwa karibu na viungo vinavyowaka, kwapani kuliko shingoni, ingawa shingo nayo huhusika.

Dalili: tezi nyuma ya shingo, zinauma, na homa isiyosikia antibiotiki

Chukua mfano wa binti wa miaka 24. Ana tezi kadhaa upande mmoja wa shingo, nyuma ya ule msuli mrefu, zinauma zikiguswa, hazijafika sentimita 3. Homa ni ya chini, jasho la usiku lipo, amechoka. Antibiotiki ya kwanza haikusaidia, ya pili pia. Damu inaonyesha chembe nyeupe chache kuliko kawaida, wakati maambukizi ya bakteria yangezipandisha. Anaambiwa huenda ni kifua kikuu, aanze dawa za miezi 6.

Hilo linaweza kuwa kifua kikuu kweli. Lakini sura hiyo pia ndiyo sura kamili ya ugonjwa wa Kikuchi, uliotajwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 1972 na Kikuchi, na mwaka huo huo na Fujimoto bila wawili hao kushirikiana. Huwapata zaidi vijana walio chini ya miaka 40. Ndani ya tezi seli hufa kwa mafungu, lakini bila usaha na bila chembe nyeupe za aina ya nyutrofili ambazo kwa kawaida hufuata seli zinapokufa. Mtaalamu wa patholojia asiyeuwazia huweza kuandika limfoma, na mgonjwa akaanzishiwa dawa za saratani asizozihitaji. Ndiyo maana mimi huwahimiza wagonjwa wamwombe daktari aandike kwenye fomu ya maabara umri, mahali tezi ilipo, na kwamba chembe nyeupe ni chache. Maneno hayo machache huweza kubadilisha jibu.

Kikuchi hupona wenyewe, mara nyingi ndani ya mwezi 1 hadi 4. Dawa za kutuliza maumivu na homa hutosha kwa wengi. Huweza kurudi kwa wachache. Lakini una undugu na lupasi: baadhi ya wagonjwa hupata lupasi kabla, wakati ule ule, au miaka baadaye. Aliyepona Kikuchi apimwe mkojo na ANA (kipimo cha damu cha kingamwili zinazoshambulia viini vya seli za mwili wenyewe), na arudi akiona vipele au viungo vikianza kuuma.

Dalili: homa inayopanda jioni, koo linauma, upele unaokuja na kuondoka

Homa hufika nyuzi 39 au zaidi mara moja au mbili kwa siku, mara nyingi alasiri au jioni, kisha hushuka yenyewe na mtu akaamka akijiona mzima. Koo linauma lakini kipimo cha bakteria hakionyeshi kitu. Magoti na viwiko vya mikono vinauma. Wakati homa imepanda, upele wa waridi usiowasha sana hutokea kifuani na mikononi, na homa ikishuka nao hufifia. Asubuhi daktari haoni chochote. Piga picha jioni, kwenye mwanga mzuri, pamoja na kipimajoto kikionyesha namba. Picha hiyo itafanya kazi kuliko maelezo ya nusu saa.

Hii ni sura ya ugonjwa wa Still wa watu wazima. George Frederic Still aliueleza kwa watoto mwaka 1897, na Bywaters akauonyesha kwa watu wazima mwaka 1971. Tezi za shingo huvimba kwa wengi wao, na wengu pia huweza kukua. Kipimo kinachosaidia ni feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma mwilini, ambayo hupanda mara tano ya kiwango cha juu cha kawaida au zaidi, wakati mwingine kufika maelfu. ANA na kipimo cha baridi yabisi kwa kawaida huwa hasi. Hata hivyo hakuna kipimo kimoja kinachouthibitisha. Hufikiwa baada ya kuondoa maambukizi, limfoma na magonjwa mengine ya viungo. Ni kazi ya subira, na mgonjwa anayeelewa hivyo huvumilia vipimo vingi bila kudhani anachezewa.

Kuwa macho na jambo moja: mgonjwa wa Still ambaye ghafla anavuja damu, anachanganyikiwa, chembe za damu zinashuka na feritini inapaa, kinga yake imepoteza breki. Huyo ni wa kulazwa siku hiyo hiyo.

Mtoto: tezi moja kubwa na homa isiyokatika

Tomisaku Kawasaki, daktari wa watoto wa Japani, alichapisha maelezo ya watoto 50 mwaka 1967. Ugonjwa unaobeba jina lake huwapata zaidi walio chini ya miaka 5. Homa ya siku 5 au zaidi, pamoja na angalau manne kati ya haya: macho mekundu bila matongo, midomo iliyopasuka na ulimi mwekundu wenye vichunusi, upele, viganja na nyayo kuvimba au kuwa nyekundu na baadaye kubambuka kuanzia ncha za vidole, na tezi ya shingo iliyozidi sentimita 1.5, mara nyingi upande mmoja.

Kati ya alama hizo tano, tezi ndiyo inayokosekana mara nyingi zaidi. Hapo ndipo pana mtego: inapotokea mapema na kuwa kubwa, mtoto huandikiwa jipu la tezi na antibiotiki, huku macho na midomo ikidhaniwa ni sehemu ya homa. Mzazi, kama antibiotiki imefika siku ya pili au ya tatu na homa haijashtuka, angalia midomo, ulimi, macho na viganja tena, kwa kuwa alama hizi hazitokei zote siku moja. Angalia pia kovu la chanjo ya BCG. Likiwa jekundu na kuvimba upya, hiyo ni dalili yenye uzito. Watoto wa chini ya miezi 6 huweza kuwa na alama mbili tu na bado ukawa ndio ugonjwa wenyewe.

Haraka ni kwa ajili ya moyo. Bila tiba, hadi mtoto 1 kati ya 4 huweza kupata uvimbe kwenye kuta za mishipa inayoulisha moyo. Dripu ya imunoglobulini, gramu 2 kwa kila kilo ya uzito, ikitolewa ndani ya siku 10 za mwanzo wa homa, hupunguza hatari hiyo hadi karibu mtoto 1 kati ya 20 au pungufu.

Ikiwa homa ya mtoto hukatika baada ya siku 3 hadi 6 kisha ikarudi kila baada ya wiki kadhaa kana kwamba imepangwa kwenye kalenda, ikija na vidonda vya mdomo, koo na tezi za shingo, na katikati mtoto anacheza na kukua vizuri, fikiria homa ya vipindi iitwayo PFAPA, iliyoelezwa mwaka 1987. Andika tarehe za vipindi. Hizo ndizo zinazotoa jibu. Dozi moja ya prednisoloni (steroidi, yaani dawa ya kupoza kinga) aliyoiandika daktari hukata kipindi mara nyingi ndani ya saa chache.

Tezi kubwa zilizodumu zaidi ya miezi 6, wengu uliokua, na damu inayopungua mara kwa mara huelekeza kwenye hitilafu ya kurithi, ambapo seli za kinga zilizomaliza kazi hazifi kama inavyopaswa. Mara nyingi kasoro iko kwenye jeni la FAS. Ni nadra, lakini kipimo chake kipo.

Dalili: kinywa kikavu, macho yanakwaruza, uvimbe chini ya masikio

Huwezi kumeza chakula kikavu bila maji, usiku unaamka kunywa, macho kama yana mchanga, meno yanaoza kwa kasi. Hiyo ni sura ya ugonjwa wa Sjögren, ambamo kinga hushambulia tezi za mate na za machozi. Hapa uvimbe huweza kuwa tezi ya mate yenyewe, tezi ya limfu, au vyote viwili, ultrasaundi huvitenganisha. Kipimo cha machozi ni cha kawaida sana: kipande cha karatasi maalumu huning'inizwa kwenye kope la chini kwa dakika 5, na ikiwa hakijalowa zaidi ya milimita 5, machozi ni machache.

Takriban wagonjwa 5 kati ya 100 wa Sjögren hupata limfoma maishani mwao. Tezi ya mate iliyovimba na haishuki tena, hasa upande mmoja, haifai kuzoeleka.

Mwanamume wa makamo au mzee mwenye uvimbe usiouma chini ya taya pande zote mbili, pamoja na kope zilizojaa, apimwe pia ugonjwa unaohusiana na IgG4 (aina mojawapo ya kingamwili), uliotambuliwa kuwa ugonjwa wa mwili mzima mwaka 2003. Huitikia steroidi vizuri sana, na hapo ndipo pana mtego, kwa sababu limfoma nayo huitikia mwanzoni.

Dalili: kikohozi kikavu, jicho jekundu linaloogopa mwanga, tezi za shingo

Fikiria sarkoidosi na kifua kikuu kwa pamoja, usitenganishe. Zote huunda vifundo vya seli ndani ya tezi. Vya kifua kikuu kwa kawaida huoza katikati, vya sarkoidosi haviozi. Eksirei ya kifua huonyesha tezi zilizovimba pande zote mbili za mizizi ya mapafu kwa wagonjwa wengi wa sarkoidosi. Kalsiamu huweza kupanda kwenye damu. Sarkoidosi hutibiwa kwa steroidi, na steroidi peke yake kwa mtu mwenye kifua kikuu humfungulia bakteria mlango. Kwa hiyo kinyama, yaani kipande cha tezi kinachokatwa kwa ajili ya maabara, kipimwe kifua kikuu kwanza, hata kama kila kitu kinaonekana sarkoidosi.

Dalili: tezi zimevimba baada ya kuanza dawa

Hesabu wiki. Homa, vipele vilivyoenea, uso kuvimba na tezi za shingo, wiki 2 hadi 8 tangu uanze fenitoini, kabamazepini, alopurinoli au dawa yenye salfa: huo ni mzio mkali unaoweza kufika kwenye ini na kuua. Watu wengi huulaumu ugonjwa mpya au dawa ya jana, kwa sababu hawafikirii dawa waliyoimeza mwezi mzima bila shida. Nenda hospitali leo ukiwa na pakiti zote mkononi; dawa inayoshukiwa isimamishwe na daktari mara moja, na ya kifafa ibadilishwe kwa nyingine isiyo ya ukoo huo.

Hali nyingine inawahusu watu wanaoanza ARV. Kinga iliyokuwa imelala huamka, hukuta bakteria wa kifua kikuu kwenye tezi, na kuwashambulia kwa nguvu. Tezi huvimba, huuma, wakati mwingine hupasuka, kwa kawaida ndani ya miezi 3 ya kwanza, na zaidi kwa walioanza na CD4 za chini sana. Hata bila VVU, mgonjwa wa kifua kikuu cha tezi huweza kuona tezi zikikua au mpya zikitokea katikati ya matibabu yanayofanya kazi. Nalisema hili kwa uzito wote: usiache ARV wala dawa za TB kwa sababu tezi imekua. Rudi kliniki. Daktari atahakikisha kwanza kwamba dawa zinamezwa na kwamba bakteria hawajawa sugu, ndipo aamue kama panahitajika dawa ya kupoza kinga.

Vipimo, na kosa linaloharibu vyote

Vya kwanza ni hesabu kamili ya damu, ESR na CRP (vipimo vya damu vinavyoonyesha uchochezi mwilini), figo na ini, mkojo, VVU, eksirei ya kifua, na kipimo cha kifua kikuu. Ultrasaundi huonyesha kama tezi bado ina umbo la haragwe na kitovu chake cha mafuta, au imekuwa duara na kitovu kimepotea. Hali ya pili hutia shaka zaidi.

ANA hupimwa kwa sababu, si kwa kubahatisha. Kwa kiwango cha 1:80, yaani sampuli ya damu ikizimuliwa mara 80, takriban watu 13 kati ya 100 wenye afya huwa chanya. Kwa 1:160 hubaki kama 5. Jibu chanya bila dalili halimfanyi mtu kuwa na lupasi. Jibu hasi, kwa upande mwingine, huiweka lupasi mbali sana.

Kufyonza seli kwa sindano nyembamba husaidia kupata kifua kikuu au saratani iliyosambaa kutoka kwingine. Kwa limfoma na Kikuchi mara nyingi haitoshi, kwa kuwa mpangilio wa tezi hupotea. Hapo tezi nzima hutolewa, na huchaguliwa ile iliyo kubwa au isiyo ya kawaida zaidi, si iliyo rahisi kufikiwa.

Na sasa kosa lenyewe: kumeza prednisoloni "tuone kama itashuka". Itashuka. Ya lupasi itashuka, ya Kikuchi itashuka, ya sarkoidosi itashuka, na ya limfoma pia itashuka kwa wiki kadhaa, seli zake zikiwa zimekufa kiasi kwamba kinyama kitakachochukuliwa baadaye hakitasomeka. Ya kifua kikuu itatulia juu juu huku ugonjwa ukisambaa. Kinyama kwanza, steroidi baadaye. Isipokuwa njia ya hewa, figo, ubongo au moyo viko hatarini sasa hivi, na uamuzi huo ni wa daktari. Ikiwa tayari umezimeza kwa wiki kadhaa, usizikatishe ghafla, ila mwambie anayekuchukua kinyama ulizianza lini na kwa dozi gani.

Tayari una ugonjwa wa kinga, na tezi mpya imetokea

Usikubali haraka maneno "ni lupasi yako tu". Kama viungo, vipele na mkojo navyo vimechachamaa kwa wakati mmoja, huenda ni hivyo, na tezi zitashuka tiba ikirekebishwa. Lakini kama kila kitu kimetulia na tezi moja inakua peke yake, pana maswali mawili ya kujibiwa kabla ya kuongeza dozi: je, dawa za kupunguza kinga zimefungulia kifua kikuu, na je, hii ni limfoma, ambayo wagonjwa wa lupasi, Sjögren na baridi yabisi huipata zaidi ya watu wengine? Wanaotumia methotreksati, moja ya dawa hizo za kupunguza kinga, wana hali ya tatu: seli za limfu huweza kuongezeka kupita kiasi kwa sababu ya dawa yenyewe, na kwa baadhi yao tezi hunywea ndani ya wiki chache baada ya daktari kuisimamisha. Omba tezi ipimwe kwa ultrasaundi na kuandikwa ukubwa wake, urudi baada ya wiki 2 hadi 4, na kama haijapungua, omba kinyama kichukuliwe.